Mzazi Kumshtaki Mwanawe



Maudhui niliyopewa jioni hii ni mazito, nami nimeyapokea kwa hiari, kwa sababu sidhani kuna mtaa katika miji yetu ya pwani, tangu Mombasa hadi Tanga, tangu Unguja hadi Dar es Salaam, ambao haujapata kusikia kisa cha mama aliyeamka alfajiri akakuta jiko la gesi halipo, redio haipo, na zile doti za khanga alizomwekea bintiye kwa ajili ya arusi hazipo, wala mlango haukuvunjwa wala dirisha halikuguswa, kwa kuwa aliyevichukua anao ufunguo, na ufunguo huo alipewa na mama huyo huyo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo si la kitabuni hata kidogo: je, aende kituo cha polisi akalitaje jina la mwanawe, au anyamaze, akopeshwe jiko na jirani, angoje lijalo?

Wako wamjibuo upesi. Huyu humwambia kwamba mtoto akikutia aibu hapelekwi kwa watu, na mzazi amkabidhiye mwanawe kwa askari amemwondolea radhi yake. Yule humwambia amfunge mara moja ili apate adabu, na huongeza kwa ukali usio na huruma kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba mama yule hakuwahi kulea watoto wengine watano katika nyumba ile ile, kwa mkono ule ule, wakatoka watu wema. Wote wawili humwacha mama peke yake na uamuzi, na wote wawili, kwa nionavyo mimi, huzungumza bila ya kujua yatokeayo baada ya mzazi kufika kaunta ya kituo na kufungua kinywa chake. Ningependa tuyatazame hayo kwanza, maana imani yangu ni hii, kwamba uamuzi wa kumshtaki mtoto ni wa mzazi kabla ya kufika pale tu. Akishasema, si wake tena.

Mzazi aendaye kituoni hafungui kesi yake. Anatoa taarifa, naye hupewa namba ya kumbukumbu, ile tuiitayo RB upande wetu wa Tanzania na ambayo ndugu zetu wa Mombasa huiita OB, na tangu saa hiyo jambo lililokuwa la nyumbani huwa la dola. Kwenye hati ya mashtaka hutaona imeandikwa mama fulani dhidi ya mwanawe. Huandikwa Jamhuri dhidi ya kijana yule, na mama aliyedhani kwamba yeye ndiye mwenye kesi hujikuta ni shahidi wa upande wa mashtaka, ambaye akiitwa asifike huweza kutolewa amri ya kukamatwa yeye mwenyewe. Nimepata kuketi katika mahakama ya mwanzo nikiwa mzee wa baraza, na huko nimewaona, zaidi ya mara moja, akina mama walioleta malalamiko kwa ghadhabu ya asubuhi moja wakirudi baada ya majuma kadhaa, macho yamewavimba, wakimsihi hakimu amwachilie kijana aliyekuwa kizimbani kwa neno lao wenyewe. Sheria haikuwafungia mlango kabisa: katika makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, mahakama imepewa uwezo wa kuhimiza mapatano, na mlalamikaji aweza kuomba kuliondoa lalamiko lake, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imewataka mahakimu waupe nguvu upatanishi. Walakini kuomba ni kuomba. Hakimu aweza kukataa, na kosa likiwa kubwa hata kuomba hakupo.

Liko na jambo jingine ambalo wazazi wachache hulijua. Sheria zetu za ushahidi zimemsitiri mke asilazimishwe kutoa ushahidi juu ya mumewe, wala mume juu ya mkewe, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa; lakini mama hakuwekewa sitara hiyo juu ya mwana aliyemzaa. Akiapishwa na kuulizwa, ni wajibu wake kujibu.

Mataifa mengine yameliona tatizo hili na kulikata kwa namna tofauti. Katika sheria ya jinai ya Ufaransa mtoto aliyemwibia mzazi wake, au mzazi aliyemwibia mtoto, hashtakiwi kwa wizi huo, isipokuwa ameiba vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila ya hivyo kila siku, kama hati za utambulisho. Wajerumani hawakufika huko, bali wameweka kwamba wizi baina ya jamaa haufuatiliwi na dola mpaka mwenyewe aliyeibiwa alalamike rasmi. Na kabla ya hao wote wanazuoni wa fikihi walikwisha kulijadili kwa karne nyingi: katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, mtoto aliyechukua mali ya mzazi wake hakatwi mkono, kwa kuwa kuna shubuha, yaani shaka juu ya umiliki, katika mali ile, maana mtoto ana haki ya kulishwa na kuvishwa humo, ilhali Imamu Malik aliitambua shubuha hiyo kwa baba achukuaye mali ya mwanawe, asiitambue kwa mwana achukuaye mali ya baba. Hawakuwa watu wepesi wa kusamehe wezi, hao, lakini waliona kwamba wizi wa ndani ya nyumba haufanani na wizi wa sokoni. Sheria tuliyorithi sisi kutoka kwa Mwingereza haikuweka tofauti hiyo baina ya mzazi na mtoto. Ni wizi, basi, na mwana akishaandikiwa mashtaka husimama palipo na mwizi mwingine yeyote.

Kwa sababu hiyo nakipenda kisa kimoja kilichopokewa katika vitabu vya hadithi, na nakitaja hapa mbele ya Waislamu na Wakristo pamoja, kwa kuwa hekima yake haina mipaka. Safwan bin Umayya alikuwa amelala msikitini, amejiwekea shuka yake kichwani kuwa mto, akaja mtu akaichopoa. Safwan akamkamata, akampeleka kwa Mtume. Ilipotoka amri kwamba mtu yule akatwe mkono, Safwan akashtuka. Akasema hakukusudia jambo lifike huko, na kwamba shuka ile sasa ameitoa sadaka kwa yule yule aliyeiiba. Mtume akamuuliza mbona hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Zingatieni kwamba Safwan hakulaumiwa kwa kumkamata mwizi, wala kwa kudai haki yake, wala hakuambiwa kwamba msamaha ni wajibu. Alichokumbushwa ni wakati wake. Alikuwa na uwezo mkubwa, uwezo wa kusamehe, akaupitisha kizingiti bila ya kuutumia, na ng'ambo ya kizingiti kile haukuwa wake tena.

Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imo sheria ya kale kuhusu mwana mkaidi na mwasi, ambayo ukali wake huogofya hata leo, kwani mwisho wake ni kupigwa mawe. Lakini sheria hiyo yenyewe iliwataka baba na mama wote wawili wamshike na kumpeleka mbele ya wazee wa mji, na wanazuoni wa Kiyahudi waliokuja baadaye waliifasiri kwa masharti mengi na membamba, hata wako miongoni mwao waliosema kwamba jambo hilo halikupata kutokea wala halitatokea. Mimi nachukua humo sharti moja tu, la wazazi wawili kuwa na neno moja. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu baba alikwenda kituoni mama asijue, au mama alikwenda na baba akarudi safarini akamkuta mwanawe yuko rumande.

Sasa na tuje kwenye jambo ambalo lisiposemwa wazi mhadhara huu hauna faida. Mfikirieni kijana wa miaka 20, amelemewa na unga, yaani heroini, anaingia chumbani kwa mamake usiku, mkononi ana kisu cha jikoni, anamwambia ampe simu, na mama kwa hofu anampa. Asubuhi mama anakwenda kituoni na kueleza kama yalivyotokea. Kila neno alilosema ni kweli, na maneno hayo katika sheria ya Tanzania yana jina lake, unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, na mshtakiwa wake hapewi dhamana mpaka kesi iishe. Akipatikana na hatia, hakimu, hata angelia pamoja na mama, hana ruhusa ya kuteremka chini ya miaka hiyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, kosa linalolingana na hilo limeandikiwa adhabu ya kifo. Mama alitaka simu irudi na mtoto atishike kidogo. Kijana atakapotoka atakuwa na miaka hamsini, naye mama huenda hayupo duniani.

Simshauri mama adanganye. Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa kwa nafsi yake, na mwenye kuficha kisu leo aweza kukiona tena kesho mikononi mwa mwanawe yule yule. Nasema ajue. Ajue kwamba baina ya "amechukua simu yangu" na "amenitishia kwa kisu akachukua simu yangu" pana umri mzima wa mtu, na kwa kuwa ukweli haumruhusu kuchagua sentensi aipendayo, basi uchaguzi wake uko mahali pengine: kwenda au kutokwenda. Na kama angeweza kupata saa moja ya kuzungumza na wakili, au na mmoja wa wasaidizi wa kisheria waliomo katika wilaya nyingi siku hizi, kabla ya kwenda, saa hiyo ingekuwa na thamani kuliko simu zote zilizoibwa.

Wazazi wengi wananiambia, nami nawaamini, kwamba hawataki mtoto afungwe. Wanataka askari wamweke ndani siku mbili tatu aonje, kisha wamtoe. Ombi hilo limekuwa la kawaida hata halimshangazi mtu, na ni ombi baya. Polisi hawana ruhusa ya kumweka mtu mahabusu zaidi ya saa 24 bila ya kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani, na mzazi aombaye kinyume cha hivyo anaomba sheria ivunjwe juu ya mwili wa mwanawe. Tena ni lazima tukumbuke mwili huo una nini. Mraibu wa heroini akikosa dozi yake hushikwa na arosto kabla siku haijaisha: kutapika, kuhara, maumivu ya mifupa, baridi na jasho kwa pamoja, kukosa usingizi, hali hiyo huchukua siku kadhaa hata juma zima, naye ataipitia sakafuni, kati ya watu asiowajua, ambao baadhi yao wamo humo kwa mambo makubwa kuliko jiko la gesi. Adabu haifundishwi hapo. Na yule aliyekaa gerezani miezi mingi bila ya kutumia, mwili wake husahau ile nguvu ya kustahimili unga, hata akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, kipimo kile humuua. Waganga wanayajua majuma ya kwanza baada ya kutoka gerezani kuwa ni ya hatari kubwa kuliko yote. Mzazi aliyedhani kwamba kifungo kitamwachisha unga mwanawe na ayapime hayo.

Ilhali dawa ipo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, ambayo humwondolea mtu arosto na kumpa fursa ya kuamka asubuhi akiwa na fikra nyingine isiyokuwa kete ya unga. Huduma hiyo ikaenea mikoani, ikafika Unguja katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na upande wa Kenya ikafika Malindi na Mombasa. Ziko pia zile nyumba za kuachia unga ziitwazo soba haus, ambazo nyingi zimeasisiwa na watu waliopona wenyewe. Si kila aendaye hupona, na wengi huanguka na kuinuka mara kadhaa kabla ya kusimama. Lakini nimewaona vijana waliouza hata milango ya nyumba za mama zao wakiwa leo ni mafundi, wana wake na watoto, na hao hawakuponeshwa na gereza.

Kwa hiyo ninayo hukumu yangu, nami nitaisema bila ya kuizungusha. Ikiwa mtoto amechukua mali yako, mali yako wewe peke yako, na hakumgusa mtu, usimshtaki. Badilisha kufuli. Mnyang'anye ufunguo. Mwambie mbele ya wajomba na ami zake kwamba halali tena nyumbani mpaka akubali kwenda hospitali, na ushikilie neno lako hata moyo ukikuuma. Kumtoa nyumbani si kumlaani. Ikiwa ameiba kwa jirani, usimzuie jirani asidai haki yake wala usifiche kitu cha wizi uvunguni mwa kitanda chako, kwani hapo nawe umeingia katika kosa. Lipa ukiweza, na umwachie jirani uamuzi ambao ni wake.

Lakini ikiwa ameinua mkono, ikiwa kuna bibi kizee ndani, au mtoto mdogo, au dada anayelala akiwa ameegemeza kabati mlangoni, basi nenda, na uende siku hiyo hiyo. Hapa sioni shaka kabisa, hata baada ya yote niliyoyasema kuhusu miaka 30. Wako wazazi waliostahi jina la kijana mmoja hata wakazika mtu asiyekuwa na hatia. Binti aliyeingiliwa na kaka yake kisha akaambiwa anyamaze kwa ajili ya heshima ya ukoo, huyo amedhulumiwa mara mbili, na dhuluma ya pili imetoka kwa wazazi wake. Qurani, katika Suratun Nisaa, imewaamuru waumini wasimamie uadilifu na kutoa ushahidi hata juu ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, na sijui jamaa wa karibu kuliko mtoto. Mzazi ana dhima kwa watoto wote waliomo nyumbani, na yule mwenye nguvu hana haki ya kuila sehemu ya dhaifu. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mambo ya namna hii hupelekwa huko.

Iko na sababu nyingine ya kwenda, nayo ni ya kusikitisha. Mtaa ukishamjua kijana kuwa ni mwizi, na sauti zikaanza kusikika kwamba siku akikamatwa hatafika kituoni, kituo chaweza kuwa ndicho mahali pekee atakapobaki hai. Sote tumeona kundi la watu, tairi na mafuta ya taa. Mama anayemkabidhi mwanawe kwa askari kabla ya saa hiyo, tumwachieni heshima yake.

Mintarafu ya wale walio chini ya miaka 18, njia ni nyingine. Tanzania Bara, mtoto asiyetimiza miaka 10 hana jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 hana mpaka ithibitike kwamba alijua alitendalo. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2022, imeupandisha umri huo wa kwanza kutoka miaka 8 hadi 12. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto asihukumiwe kifungo. Husikilizwa katika mahakama ya watoto, faraghani, na akionekana na hatia aweza kuachwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Mzazi wa mtoto wa miaka 14 aliyeshindikana na aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au apige simu ya watoto namba 116, kabla ya kumfikiria askari. Na ikiwa kijana, wa umri wowote, anasikia sauti zisizokuwapo au anaamini kwamba mamake anamtilia sumu chakulani, huyo si mkaidi, ni mgonjwa, na pa kumpeleka ni hospitali.

Mwisho, mzazi aliyekwisha kwenda kituoni asidhani kwamba kazi yake imekwisha. Sheria haikumkataza mama aliyetoa ushahidi asubuhi kumpelekea mwanawe sabuni na chakula siku ya kutembelea wafungwa, wala dini haikumkataza. Na amwambie kwa kinywa chake kwamba amemshtaki na bado ni mwanawe, kwa maana asipoambiwa hivyo kijana atayajaza mwenyewe yaliyobaki, na atayajaza kwa chuki.

Nawaomba ninyi mliokaa hapa jioni hii, maimamu na mapadri, masheha na wenyeviti wa mitaa, na majirani zaidi ya wote: mnawajua wazazi walio katika mtihani huu, kwa majina na kwa milango yao. Msingoje waje kwenu, kwa kuwa haya inawazuia. Waendeeni kesho, wasikilizeni bila ya kuwalaumu malezi yao, na ikifika siku ya kutoka, ikiwa ni kwenda hospitali au ni kwenda kituoni, mmoja wenu afuatane nao.